Mashua Iliyopinda Vidole Vinne

Sikio la kushoto la Anfisa lilikufa siku ya Alhamisi, mwaka wa tatu wa ndoa yake, kwa sababu ya taruma moja lililoegemea upande upana wa kidole.

Mteja alikuwepo, mvuvi mnene wa ushirika, ameketi juu ya gogo anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Trifon, mume wa Anfisa, alikuwa amesimamisha mataruma saba ya mforosadi juu ya mkuku, kama mbavu juu ya uti wa mgongo, na alikuwa anajisifu. Anfisa ameshika ncha ya uzi uliovutwa kutoka kichwa cha fashini ya mbele, nguzo iliyosimama nchani mwa mkuku, mpaka kichwa cha fashini ya nyuma. Timazi linaning'inia. Akaona, kama mtu anavyoona pengo la jino mdomoni mwa mwenzake, kwamba taruma la tatu limelalia kushoto.

"Trifon," akasema kwa upole, "la tatu limelala kidogo. Upana wa kidole tu."

Mvuvi akaangua kicheko. "Aa, Trifon! Kumbe fundi ni mkeo, wewe kibarua!"

Trifon naye akacheka. Akaendelea kucheka mpaka mgeni akaaga, akamsindikiza hadi mferejini, akampungia mkono. Kisha akarudi, akaokota ufito wa mwaloni wa kupimia mikunjo, mrefu kuliko mtu, akamchapa nao ubavuni mwa kichwa. Mara moja tu. Anfisa akasikia mlio kama wa kengele ya kanisa, na mlio ule haukukoma mpaka asubuhi ya pili. Ulipokoma, sikio lile halikusikia tena kitu.

Kesho yake Trifon alilinyoosha taruma la tatu mwenyewe. Upana wa kidole.

Karakana ile haikuwa ya Trifon. Ilikuwa ya mzee Nikifor, baba yake Anfisa, fundi wa mashua ambaye pale Verbova, kijiji cha Walipovani, Warusi wa imani ya kale, katikati ya matete ya mto Danubi, watu walimtaja kwa kuvua kofia. Nikifor hakujaliwa mtoto wa kiume. Akamfundisha binti yake, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa dhati. "Funga jicho moja," alikuwa akimwambia, "na hilo la pili uliambie lisiseme uongo." Alimfundisha kuchonga hanamu kwa tezo, ule mlalo kidogo kwenye ukingo wa taruma ili ubao ukae juu yake bila kuacha mwanya. Alimfundisha kupima kutoka kichwa cha fashini hadi ncha ya kila taruma, kulia na kushoto, mpaka vipimo viwe ndugu pacha. Zaidi ya yote alimfundisha kwamba mbao hupigwa mbili mbili: ukipiga mmoja kulia, unaofuata ni wa kushoto. Mashua ikivutwa upande mmoja tu, inajinyonga kama nguo inayokamuliwa, na ikishajinyonga hakuna mtu wa kuinyoosha.

Lakini mwanamke fundi wa mashua hakuwahi kuonekana Verbova. Nikifor alipoanza kukohoa damu alimtafutia binti yake mume mwenye mikono, akampata Trifon, mtu wa mabega mapana, ndevu nyekundu na sauti ya kuimba kanisani. Mikono alikuwa nayo kweli. Macho ndiyo hakuwa nayo. Mzee akazikwa kabla hajaona kazi ya mkwewe.

Basi miaka ikaenda hivi. Trifon anajenga, Anfisa anashika uzi na kunyamaza. Trifon akienda kunywa pombe ya plamu kwa jirani, Anfisa anagonga kabari, anasogeza mhimili, anapunguza hanamu mahali ubao ulipokataa kukaa. Mume akirudi anakuta kazi imenyooka, anajua nani kainyoosha, na kwa kujua huko anampiga. Kama hakumpiga kwa kunyoosha, alimpiga kwa kutonyoosha. Alimvunja mbavu mbili kwa teke siku ya Pasaka. Alimchoma shingoni kwa kijiti cha lami ya moto. Mashua zilitoka nzuri, nyeusi, zimeinua vichwa pande zote mbili kama bata wawili waliopeana mgongo, na watu walisema, "Trifon ana mkono." Katika nyumba ya mvuke, Jumamosi, wanawake waliuona mgongo wa Anfisa. Walimchapa kwa matawi ya mwaloni, kama ilivyo desturi ya kuoga, taratibu kuliko walivyochapana wao, wakazungumza habari za kabichi.

Mwaka wa kumi na mbili wa ndoa, kabla barafu haijaondoka mferejini, wakaja ndugu wawili, Zahar na Prokop, wana wa mjane Matryona. Zahar alikuwa mkubwa, mkimya, mwenye kovu juu ya jicho. Prokop alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mke mwenye mimba. Walitaka mashua ya kwenda mpaka mdomo wa mto, kule maji matamu yanapogombana na Bahari Nyeusi, wakavue moruni, samaki mkubwa mwenye mayai meusi.

"Tunaitaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi," akasema Zahar. "Moruni hawangoji mtu."

"Mtaipata wiki mbili kabla," akajibu Trifon, kwa kuwa walikuwepo mashahidi.

Mkuku ukalazwa, fashini mbili zikasimama, mataruma yakasimama. Anfisa aliyapima yote alipobaki peke yake, na yalikuwa sawa. Ndipo ikaja habari kwamba dada yake amefariki kule Jurilovka, kijiji alikoolewa. Akaenda kuzika. Alikaa siku nne.

Aliporudi, hata shela hakuvua. Aliingia karakana akasimama mlangoni. Upande wa kushoto mbao tatu zilikuwa zimekwisha kupigiliwa, misumari imekunjwa kwa ndani. Upande wa kulia hapakuwa na hata mmoja. Na ile mihimili ya kushikilia mataruma yasiyumbe ilikuwa imeng'olewa, imeegemezwa ukutani, kwa sababu ilimzuia Trifon kupita.

Akavuta uzi mwenyewe. Akaachia timazi. Kwenye taruma la tano lilianguka upana wa vidole vinne pembeni mwa mstari.

Trifon akaingia nyuma yake, ananuka plamu. "Unatafuta nini?"

"Zing'oe, Trifon."

"Nini?"

"Mbao. Zing'oe zote tatu. Imejinyonga. Hii haiendi baharini, hii hata mferejini haiendi."

"Nani kakuuliza?"

"Watu watakufa."

"Nimekuuliza, nani kakuuliza wewe? Umetoka kuzika, nenda kaoge! Nitazipiga za kulia, zitaivuta irudi."

"Hairudi, nawe unajua hairudi. Baba alisema..."

Hapo alikosea kumtaja baba yake. Trifon alichukua nyundo ya mti, ile kubwa ya kugongea katani kwenye mianya, akamkamata mkono wa kulia, akaulaza juu ya meza ya kazi kama anayelaza kipande cha ubao. Anfisa alimwona akilenga. Alilenga vizuri, kwa utulivu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa msumari. Kifundo kilivunjika kwa sauti ndogo kavu.

"Haya," akasema, akihema. "Sasa shika uzi."

Anfisa alikaa wiki tano na mkono uliofungwa vijiti. Watu waliambiwa ameanguka kwenye barafu. Aliwaona Zahar na Prokop wakija kuchukua mashua, akaona Prokop akiibusu fashini ya mbele kwa mzaha kama bibi arusi, akaona wanasukuma, mashua inaelea, inaegama kidogo, inakaa. Zahar akapiga makasia mara kumi.

"Hii mashua yako, Trifon, inapenda kushoto kama serikali!" akapaza sauti, na watu wote ukingoni wakacheka huku wakitazama nyuma kama kuna mtu amesikia.

"Itazoea," Trifon akajibu.

Anfisa alikuwa dirishani. Alifungua mdomo. Kisha akamsikia mumewe akipanda ngazi ya baraza, akaufunga. Jambo hili alilirudia moyoni mwake maisha yake yote, na hakuna siku alipojipa udhuru.

Upepo wa mashariki ulivuma siku ya tisa ya mwezi wa tano. Mashua nyingine saba zilikuwa mdomoni mwa mto, zote zikageuza vichwa kulikabili wimbi, zote zikarudi. Ile ya ndugu wawili haikukubali kugeuka kulia. Zahar alivuta kasia mpaka likavunjika. Wimbi likawapiga ubavuni, la pili likawapindua. Zahar aliwashwa na chumvi na kupigwa na ubavu wa mashua ile ile aliyoing'ang'ania, mpaka boti ya ushirika ikamwopoa na kuivuta mashua kwa kamba. Prokop alipatikana siku ya tatu, ndani ya nyavu za mtu mwingine. Kaa na samaki walikwisha kumfikia usoni. Mama yake alimtambua kwa mshipi aliomsukia kwa mkono wake.

Walimzika asubuhi. Mchana wakaja.

Walikuja wanaume kumi na mmoja, Zahar mbele, ameshika kipande cha lile kasia lililovunjika. Walikuwa wameiburuta mashua mpaka uani kwa Trifon na kuitupa pale, kifudifudi. Trifon alitoka barazani na kipande cha mkate mkononi.

"Ndugu zangu," akaanza, "bahari ni mapenzi ya Mungu..."

Zahar alimpiga kasia la mdomo. Mkate ukaruka, na meno yakaufuata. Wakamshusha ngazi kwa ndevu. Walimpiga kwa viatu, kwa makasia, kwa ngumi zilizonuka lami na ubani wa mazishi. Mmoja alimkalia kifuani akawa anamgonga kichwa ardhini, akisema kila pigo, "Sema! Sema! Sema!" bila kusema aseme nini. Anfisa alisimama mlangoni akitazama, na kitu fulani ndani yake kilikuwa kinahesabu mapigo kwa raha. Aliiona raha ile, akaiogopa.

"Siyo mimi!" Trifon akapiga yowe, damu inamtoka kama mate. "Muulizeni yeye! Yeye ndiye anayeshika uzi! Kazi ya vipimo yote ni yake, tangu zamani, muulizeni!"

Wakaacha. Ikasikika mikuki ya matete ikisuguana ng'ambo ya mfereji. Kwa miaka kumi na miwili Trifon alikuwa hajawahi kuitamka kweli ile, na sasa ameitamka.

Matryona, mama wa marehemu, alikuwa amesimama getini na kitambaa cheusi. Akapita katikati ya wanaume mpaka mbele ya Anfisa. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso.

"Ulijua?" akauliza.

Anfisa angeweza kuonyesha kifundo cha mkono kilichoungana vibaya. Angeweza kusema habari za Jurilovka na za nyundo.

"Nilijua, mama," akasema. "Nilijua siku ile niliporudi. Niliwaona wakiichukua, nikanyamaza."

Mwanamke yule mfupi akampiga kofi, kisha la pili, kisha akaanza kumpiga kwa ngumi zote mbili, kifuani, shingoni, usoni, akilia kwa sauti moja isiyo na pumzi. Anfisa hakuinua mkono. Zahar ndiye aliyemkumbatia mama yake kwa nyuma na kumwondoa, miguu yake haigusi chini.

Walipoondoka, ua lilikuwa na meno matatu, kofia mbili na ile mashua.

Askari kutoka mjini walitarajiwa kesho kutwa. Trifon alilala siku moja, amevimba uso kama boga, asubuhi ya pili akaamka na kuchukua shoka na debe la mafuta ya taa. Anfisa alikwisha kuamka kabla yake. Alikuwa ameigeuza mashua kwa mtaimbo, peke yake, kwa mkono mmoja na nusu, ameikalisha juu ya magogo, na amevuta uzi. Alitaka kuona. Vidole vinne. Bahari haikuipindua zaidi wala pungufu.

"Ondoka," akasema Trifon. "Naichoma."

"Hapana. Waje waione."

"Wakiona nitafungwa, mwehu wewe! Na wewe je? Nani atakulisha?"

"Kwani sasa nani ananilisha?"

Akamwaga mafuta. Anfisa akalipiga debe teke. Trifon akainua shoka, na safari hii hakukuwa na ufito wala teke wala nyundo ya mti; alikusudia kichwa. Anfisa alijitupa nyuma ya ubavu wa mashua, mahali vichwa vya mataruma vilipochomoza. Shoka likapita sikioni pake, lile lililokufa, likazama ndani ya mforosadi mkavu mpaka nusu ya bapa. Trifon akavuta. Halikutoka. Mforosadi hauachii. Akaweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha taruma apate nguvu ya kuvuta.

Nyundo ya mti ilikuwa miguuni pa Anfisa; ndiyo aliyogongea magogo alipoikalisha mashua. Anfisa aliichukua kwa mkono wa kushoto na kuishusha juu ya vidole vile. Trifon akalia kama farasi. Akaishusha tena. Trifon akampiga kichwa usoni, pua ikapasuka, wote wawili wakaanguka kwenye mafuta na vumbi la mbao, na akamkaba koo kwa mkono uliobaki. Anfisa aliona dari la anga likiwa jeusi pembeni. Akapapasa, akashika jiriwa la chuma, lile la kubania mbao, akampiga nalo kwenye taya. Akampiga kwenye bega. Alipolegea akamkalia, akampiga mkono ule ule wa kulia ambao ulikwisha kuvunjika, mara tatu, nne, akisikia mifupa ikikubali. Halafu akainua jiriwa juu ya paji la uso wake.

Trifon alikuwa anamtazama kwa jicho moja lililofunguka. Hakuomba. Alikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyeona kiti kimesimama na kutembea.

Kwa nini hakulishusha, Anfisa mwenyewe hakujua. Aliwahi kumwambia jirani yake Ulita, miaka mingi baadaye, kwamba mkono ulichoka. Ulita hakuamini.

Askari walikuja, wakapima kwa uzi wake yeye, wakaandika. Mjini wakamfunga Trifon miaka miwili na nusu, na Anfisa wakamweka ndani siku tisa kwa ajili ya mkono wa mumewe, kisha wakamwachia. Trifon alipotoka hakurudi Verbova. Ilisemekana yuko bandarini Konstanta, mlinzi wa ghala, na kwamba kijiko anashika kwa mkono wa kushoto.

Anfisa aliifumua ile mashua ubao kwa ubao, akaichoma jikoni majira ya baridi yote. Kisha akaweka mkuku mpya bila mtu kumwagiza. Hakuna aliyemwagiza kwa miaka miwili. Alikula ugali wa mahindi na samaki wadogo, akauza vitunguu. Wanaume walipita na mitumbwi yao, mmoja akapiga kelele kutoka majini, "Bi Anfisa, unajenga jeneza la nani leo?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "La mwenye mdomo mrefu, njoo nikupime!" Mteja wa kwanza alikuwa Mukraine mmoja mzee wa kijiji cha jirani, kiziwi wa masikio yote mawili, ambaye alisema yeye haangalii sketi, anaangalia hanamu. Aliingiza ukucha wake kati ya ubao na taruma, mahali kumi na nane. Ukucha haukuingia. Akainunua siku hiyohiyo, na tangu hapo wakaanza kuja, mmoja mmoja, kwanza wa mbali.

Mwaka wa sita baada ya mazishi akaja Zahar. Alisimama mlangoni, hakuvua kofia.

"Nataka mashua," akasema. "Ya mdomoni mwa mto."

Anfisa aliweka tezo chini. "Wako mafundi Jurilovka."

"Najua wako."

"Mama yako je?"

"Mama hajui. Akijua ataniua." Akakohoa. "Nitashinda hapa kila siku mpaka iishe. Kila ubao nitauona ukipigwa."

"Shinda. Lakini ukikaa hapa utafanya kazi."

Alishinda. Alishikilia mbao zikipashwa moto na kukunjwa, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Siku moja ubao wa mwaloni ulichomoka kwenye jiriwa ukampiga Zahar kifuani, akaanguka chali. Aliinuka amekunja ngumi, uso mweupe, akamwendea Anfisa hatua tatu. Anfisa alikuwa amesimama, nyundo mkononi. Kisha Zahar akaugeukia ubavu wa mashua, akaupiga ngumi mpaka vifundo vikachubuka, akilitaja jina la ndugu yake. Mashua haikutikisika juu ya magogo. Anfisa alimwacha amalize, akamletea maji ya kunawa damu.

"Haya, inua ubao," akamwambia. "Unapoa."

Ilipoelea ilikaa sawa kama maji ndani ya bakuli. Zahar aliizungusha kulia, akaizungusha kushoto, akaenda zake.

Matryona alijua, bila shaka. Verbova hakuna kisichojulikana. Kanisani aliendelea kusimama upande wa pili, na Anfisa akipita, Matryona alikuwa akivuta sketi yake isiguswe. Ikawa hivyo miaka kumi mingine. Majira fulani ya baridi bibi yule aliteleza kwenye barafu mbele ya kisima, ndoo ikabingirika, na aliyekuwa karibu alikuwa Anfisa peke yake. Akamwinua. Matryona alitazama ni nani, akajaribu kujinasua, lakini goti halikumbeba. Akaacha ashikwe. Walitembea hatua kwa hatua mpaka mlangoni pake, wamebanana kama walevi. Pale mlangoni Matryona akang'oa mkono wake, akaingia, akafunga komeo.

Anfisa akarudi kisimani, akaijaza ile ndoo, akaiweka barazani kwa Matryona, akaenda kazini.